Mwalimu Zulma Perdomo Anaacha Chumba cha Mikono

Mwalimu Zulma Perdomo anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba mwaka huu, baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na minne. Zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameitumia hapa kwetu, Shule ya Msingi ya Mtaa wa Stesheni, Paso de los Toros. Mkuu wa shule, Mwalimu Heber Cuadrado, ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu na hafla ya Ijumaa. Amesisitiza niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila nasema mapema kwamba moyoni sina uchangamfu wowote.

Mimi, Estela Larrosa, nimepewa kazi hii kwa sababu darasa langu linapakana na lake. Ukuta uliopo kati yetu ni mwembamba, na miaka yote hii umenipitishia nyundo, vicheko, mipira na nyimbo za jedwali la kuzidisha zinazoimbwa huku watoto wakiruka. Mimi ni mtu wa madaftari safi na mistari iliyonyooka. Mungu kwa utani wake akaniweka jirani na Zulma.

Alizaliwa mashambani, binti wa seremala wa mabehewa ya reli. Kazi alianzia kwenye shule ya vijijini yenye mwalimu mmoja, na huyo mwalimu mmoja alikuwa yeye. Alienda shuleni kwa farasi, na anapenda kusema kwamba farasi yule alikuwa mwanafunzi wake mtulivu kuliko wote. Hukohuko alikutana na mtoto aliyeshindwa kabisa kukaa kitini, lakini aliyeweza kuhesabu kondoo wanaokimbia langoni bila kukosea hata mmoja. Zulma akatoa kitini watoto wote, akawapeleka langoni. Mzazi mmoja alikuja juu, akauliza kama mshahara wa ualimu siku hizi unalipwa kwa kulisha mifugo. Zulma akamjibu kwamba kondoo ni wake mwenyewe mzazi huyo, na kwamba mwanawe amemgundulia wamepungua.

Alipohamia kwetu, hazikupita siku nyingi zikaja zile kompyuta ndogo ambazo serikali humpa kila mtoto. Nakumbuka furaha yetu walimu. Watoto watukutu, wale wa kupanda madirisha, waliinamia vioo vya kompyuta hizo wakawa kimya kama wako kanisani. Mimi nilishukuru kwa sauti katika chumba cha walimu. Zulma peke yake alikunja uso.

“Wamenyamaza, Estela,” aliniambia. “Hawajatulia.”

“Mimi kunyamaza kunanitosha, dada. Nisamehe, nilikuwa na kiu ya kimya.”

“Haya, kinywe. Kesho waulize walichojifunza.”

Niliwauliza. Afadhali nisingeuliza.

Ndipo akaomba ile stoo ya madawati mabovu, akaipaka rangi mwenyewe wakati wa likizo, akaiita Chumba cha Mikono. Meza akaziinua, ili anayetaka kusoma amesimama asome amesimama. Akaleta misumari, uzi, udongo, mbao za baba yake, injini ndogo za midoli iliyokufa. Sharti la chumba lilikuwa moja: mkono kwanza, kioo baadaye. Hakuna mtoto aliyegusa kompyuta kabla hajakifanya kitu chenyewe kwa vidole vyake. Atakayetaka kuchora pembe kwenye kioo, kwanza azungushe uzi kwenye misumari. Anayetaka kuelewa robo na nusu, asubiri siku ya mvua, siku ambayo mji mzima unanukia mikate ya kukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, akate mkate wake, augawe, aule, kisha ndiyo aende akaandike hesabu yake kwenye mashine. Watoto wake walijua hesabu za sehemu kuliko wangu. Walikuwa wanene kidogo pia wakati wa baridi.

Wengi waliopelekwa kwake wana hali ambayo madaktari huiita upungufu wa umakini na wepesi wa mwili uliopitiliza. Mtaani tuliita utukutu, tukaishia hapo. Zulma hakugombana na madaktari. “Dawa ni kazi ya daktari, chumba ni kazi yangu,” alikuwa akiwaambia wazazi waliokuja wakilia. Aliwaambia pia kwamba mtoto wao hakosi umakini, anao mwingi mno, ila unamponyoka kama kuku waliofunguliwa banda. Kazi yetu ni kumsaidia kuwaswaga, si kumpiga kwa sababu ana kuku.

Mkaguzi mmoja aliwahi kuingia chumbani humo, akasimama mlangoni akitazama ule utepe mkubwa wa bluu ambao kila mtoto wa shule hapa nchini huufunga shingoni juu ya koti jeupe.

“Mwalimu Perdomo, tepe za watoto hawa zimekuwa matambara.”

“Ndiyo, mama mkaguzi. Wanazisokota wakiwa wananisikiliza. Yule pale mwenye utepe ulionyooka ndiye ambaye hajasikia kitu tangu asubuhi.”

Mkaguzi aliandika kitu, tukangoja barua ya karipio. Haikuja. Mwaka uliofuata tulisikia kwamba mkaguzi yuleyule anagawa vipande vya utepe katika shule za wilaya jirani, na anadai wazo ni lake. Zulma alicheka hadi akakaa chini.

Sasa nifike kwa Nahuel Techera, maana bila yeye wasifu huu utakuwa wa mtu mwingine.

Nahuel alikuja darasa la nne akiwa ameshafukuzwa shule mbili. Mama yake, Yanina, alifanya kazi ya usafi katika hoteli karibu na daraja, na alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kuitwa ofisini. Mtoto hakuwa mbaya. Alikuwa haishii popote. Alianza sentensi akaiacha, alianza kuvaa koti akaacha mkono mmoja nje, alianza kula akaondoka na kijiko. Katika kikao cha Aprili Mwalimu Heber alisema kwa masikitiko, na kwa haki nakubali, kwamba shule imeshindwa, na kwamba maonyesho ya Septemba ya kazi za watoto yakipita bila mabadiliko, Nahuel atahamishiwa shule maalumu ya mjini Tacuarembó. Yanina hakubisha. Aliuliza tu basi la kwenda huko linaondoka saa ngapi, na mshahara wake na basi hilo vingeelewana vipi.

Zulma alimuuliza mtoto anataka kutengeneza nini. Nahuel akasema anataka mashine ya kumimina mate. Hapa hatuhitaji kuambiana mate ni nini: ni kinywaji chetu, kile kibuyu chenye majani makali ya kijani, mrija wa chuma na maji ya moto, kinachozunguka mkono kwa mkono katika chumba cha walimu kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho. Wazo likatufurahisha sote. Mtoto akaruka sharti la chumba. Alijifungia na kompyuta, akaunganisha injini, mkono wa mbao na bomba, na wiki iliyofuata akaileta mashine mbele yetu mapumzikoni, macho yakimng'aa.

Mashine ilimimina maji. Kisha, mbele ya walimu wazima wenye vyeti, ikaushika mrija na kuukoroga.

Kilio kilichotoka chumbani humo kingeweza kuleta polisi. Mrija wa mate haukorogwi. Mtoto wa miaka mitatu wa nchi hii analijua hilo, na ajabu ni kwamba Nahuel naye alilijua, ila aliwahi kuona bibi yake akikoroga sukari kwenye kahawa, akili ikaenda huko na haikurudi. Mwalimu Heber, muungwana, akanywa hata hivyo. Mrija ukaziba. Akavuta kwa nguvu, na majani yote yakamjia kooni.

“Mwanangu,” alisema alipopata pumzi, “umetaka kuniua kazini, tena kabla ya pensheni!”

Watoto waliokuwa dirishani walicheka, na Nahuel akaitupa mashine sakafuni, akatoka mbio. Zulma alimkuta nyuma ya choo. Nilikuwa natoka huko, nikasikia.

“Mwalimu, mimi ni mjinga.”

“Wewe si mjinga. Wewe umeanzia mwisho. Lete mikono yako.”

Tangu siku ile hadi Septemba, Nahuel ndiye aliyetumiminia mate kila mapumziko, kwa mkono. Kazi hiyo haina haraka, na ukiifanya kwa haraka inakuumbua mbele za watu. Unalowesha majani upande mmoja tu kwa maji ya vuguvugu, unayaacha yavimbe. Unachomeka mrija ukausahau. Unamimina kidogo mguuni pa mrija, unaacha kilima kikavu upande wa pili, unangoja. Usipongoja, majani yanachuja na unakunywa maji ya kuoshea vyombo. Siku za kwanza tuliyanywa hayo maji ya vyombo, na tulimwambia bila huruma.

“Nahuel, haya umeyatoa mtoni?”

“Mwalimu Estela, wewe unalalamika hata Mwalimu Zulma akikupa.”

“Yeye namlalamikia kwa heshima. Mimina tena.”

Alimimina tena. Alipotaka kukimbia, Zulma hakumkaripia, alimwekea mkono begani hadi majani yavimbe, kisha akauondoa. Kadiri wiki zilivyokwenda, mkono ulikuwa ukikaa muda mfupi zaidi. Mwezi Agosti niligundua kwamba hauwekwi tena, na sikumbuki uliacha lini.

Ndipo Zulma alipomruhusu kurudi kwenye kioo. Pale ambapo mwanzo aliiandikia mashine “koroga”, sasa aliandika “subiri”. Akaongeza “subiri” nyingine, na nyingine. Zulma alimwachia.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Yanina alisimama nyuma karibu na mlango, bado na sare ya hoteli. Mashine ikalowesha majani, ikasimama. Ikasimama mno. Watu wakaanza kukohoa, na baba mmoja mbele akasema kwa sauti:

“Imeharibika hiyo.”

“Haijaharibika,” alisema Nahuel, mikono nyuma, hatikisiki. “Inasubiri.”

Ikamimina. Mwalimu Heber akanywa mate ya kwanza kwa tahadhari ya mtu aliyekwishapaliwa, akayamaliza, akarudisha kibuyu mezani. Kwetu sisi anayerudisha kibuyu na kusema asante ametosheka, hataki tena. Heber hakusema asante. Alisukuma kibuyu mbele ya mashine, akangoja zamu nyingine kama sisi sote. Habari ya kuhamishwa haikutajwa tena, si siku hiyo wala baadaye. Yanina alitoka nje kulia, na Zulma akatoka kumfuata, nami nikabaki nikiwazuia watoto wangu wasiiguse mashine.

Nahuel alimaliza darasa la nne, la tano, akaingia la sita. Katikati ya baridi ya mwaka ule Yanina akapata ndugu wa kumpokea Uhispania, Alicante. Sisi ni nchi ya kuagana. Kila nyumba ya mtaa huu ina kiti cha mtu aliye ng'ambo. Siku ya safari mtoto alitakiwa apite shuleni kuaga, na Zulma alikaanga mikate ingawa mvua haikunyesha. Tukangoja. Kumbe Nahuel alikuwa njiani kuja, akaona winchi inainua reli kuukuu pale stesheni, akasimama kuitazama mpaka mama yake alipompata na kumkokota hadi kwenye basi. Mikate tuliila sisi. Sijapata kula mikate ya huzuni kama ile.

Wiki chache baadaye ukaja ujumbe wake kwenye sanduku la Chumba cha Mikono, lile la mtandao wa shule, ambalo watoto hulifungua kwa kompyuta zao. Kompyuta yake alikuwa ameondoka nayo. Aliandika kwamba amefika, kwamba huko watu hawanywi mate, na kwamba ameanza kutengeneza mashine nyingine, kubwa. “Nikimaliza nitakuonyesha, mwalimu.” Zulma akamjibu kwamba atasubiri.

Hakuandika tena. Yanina alibadilisha namba ya simu, na ndugu zao hapa walishahama. Zulma alituma salamu kwenye akaunti ya mtoto mwanzo wa kila mwezi, fupi, bila lawama. Sisi tulimwambia watoto ndivyo walivyo, amepata marafiki, amekua. Yeye alikuwa na maelezo yake.

“Alianza kunijibu,” alikuwa akisema, “kikapita kitu dirishani.”

Mwaka ambao angestaafu ukafika, akaahirisha. Mwaka uliofuata akaahirisha tena. Tulidhani ni mapenzi ya kazi, tukamsifu kwenye vikao, na mimi nikamtania kwamba atazikwa ndani ya chumba kile na misumari tunayo tayari. Asubuhi moja niliwahi shuleni, nikamkuta hata maji hajachemsha, amefungua lile sanduku, anatazama.

“Zulma, hii ni nini?”

“Nikiondoka wanalifunga,” alisema. “Chumba kisipopata mwalimu, na sanduku linafungwa. Mtoto akimaliza ile mashine, atamwonyesha nani, ukuta?”

“Kwa hiyo unabaki kwa ajili ya ujumbe mmoja?”

“Huyo hajawahi kumaliza kitu bila kumwonyesha mtu. Nataka nijue kama amepata wa kumwonyesha. Basi.”

Sikumtania tena siku hiyo. Lakini mwili una yake. Mwaka huu magoti yamekataa, daktari amesema basi, na fomu zimetiwa saini. Miezi hii ya mwisho nimemwona akikusanya vitu vyake polepole, akipangusa misumari kwa kitambaa, na kila asubuhi kabla ya yote akifungua sanduku. Nimeanza kumkosa kabla hajaondoka. Upande wangu wa ukuta naketi kimya baada ya kengele nikisikiliza mtu anayezungusha uzi kwenye mbao, na ninajua kwamba mwezi Machi, shule zikifunguliwa, hatakuwepo wa kumsikiliza. Nilitamani kimya miaka yote hii. Hiki kinachokuja sikitaki.

Wenzangu mnajua jinsi tunavyochagua vituo vya kazi: ukumbini Tacuarembó, mbele ya wote, mwenye pointi nyingi huitwa kwanza, husimama, hutaja shule na darasa analotaka, na neno lake linaandikwa. Jumanne iliyopita Chumba cha Mikono kilikuwa ubaoni. Watu walisimama, wakakisoma, wakapita. Nawaelewa. Ni chumba cha kelele, watoto wake ni wale ambao kila mtu anataka kuwasifu akiwa mbali. Tangazo la pembeni lilisema kisipochaguliwa kitarudi kuwa stoo.

Mimi nilikuwa nimeshaamua kuchukua darasa la kwanza la asubuhi, shule mpya, yenye bustani. Jina langu likaitwa. Nikasimama, nikajisikia nasema: “Chumba cha Mikono, Mtaa wa Stesheni.”

Karani aliinua kichwa. “Mwalimu Larrosa, una hakika? Pointi zako zinakupeleka popote.”

“Andika upesi, bwana, kabla akili haijanirudia.”

Nilienda moja kwa moja kumwambia Zulma. Alikuwa bustanini kwake ng'ambo ya reli, anamwagilia nyanya. Alinigeukia.

“Wewe? Wewe unayepima mistari kwa rula?”

“Rula nayo ni kazi ya mikono.”

“Watakumaliza, Estela.”

“Basi utanizika na misumari yako.”

Akacheka, kisha hakucheka. Aliniuliza jambo moja tu: kama nitakuwa nalifungua sanduku kila asubuhi au mara mojamoja. Nikamwambia kila asubuhi. Akarudi kwenye nyanya zake akiwa amenipa mgongo, na mimi nikashughulika kutazama uzio mpaka tukawa sawa.

Mwalimu Zulma, shule inakushukuru. Wanakushukuru wazazi walioingia kwako wakilia wakatoka wanacheka, mkuu uliyemwachia koo salama, na wale watoto wengi waliopita mikononi mwako hadi wakajua kwamba si wabaya wala si wajinga. Tunakuombea magoti mepesi, nyanya nyingi, asubuhi zisizo na kengele na umri mrefu wa kuzifaidi. Nafsi yangu mimi inatamani ubaki, na kwa kuwa haiwezekani, naliandika hilo hapa lijulikane.

Na yule mtoto wetu akiandika, iwe Machi au miaka kumi ijayo, sitakupigia simu. Nitawatoa watoto wote chumbani na makoti yao meupe, tuvuke reli, tuje na huo ujumbe hadi kwako. Utatusikia kabla hujatuona.